Kamba ya Motokari Isiyo na Kichwa

Kibabi iko na wanawake watatu wa kuogopa: yule anayepika kasiksi, pombe ya ndizi ya kulaza wanaume kabla ya saa sita, bibi ya katekista, na Daphrose. Wale wawili wa kwanza, muntu anaweza kuwazoea.

Daphrose alizaliwa kule juu, ambako ukungu unafika bila kualikwa na kuondoka bila kuaga, ndani ya nyumba ya wafugaji. Yeye mwenyewe anasema alijua kukamua kabla ya kujua ishara ya musalaba. Padri mumoja alisikia maneno hayo, akamunyima komunyo ya Pasaka. Daphrose naye akamunyima padri maziwa. Unafikiri nani alitangulia kuomba samahani? Chai kavu ni mwalimu kuliko seminari.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa macho. Ukimuletea ngombe, hatazami ngombe kwanza, anakutazama wewe. Ukimeza mate, bei imeshuka. Kisha anafungua kinywa cha ngombe, anapitisha kidole kwenye meno, anavuta ngozi ya shingo aone inarudi haraka ao polepole, anainua mukia, ananusa. Kuna wachuuzi wanaolisha ngombe chumvi ili inywe maji mengi na tumbo lijae. Kuna wanaochonga pembe ili nyanya aonekane binti. Mumoja alipandisha ngombe kutoka Sake, matiti yamevimba hadi inatembea miguu wazi, akaapa kwamba maziwa yake yanazamisha ndoo.

“Hii haitafute mununuzi,” Daphrose akamujibu mbele ya soko nzima. “Inatafuta mutu wa kuikamua. Uliiacha toka juzi, ao? Na wewe bibi yako akuache hivyo hivyo, tuone utavimba wapi.”

Yule bwana alishuka na ngombe yake, na mpaka leo akipita Kibabi anapitia nyuma ya mabanda.

Na Daphrose akiuza ngombe, kamba haitoki. Desturi hiyo, hata muntu aliyeacha masomo darasa la tatu anaijua, na waliosoma zaidi ya hapo wanajifanya wameisahau: ngombe inaenda, kamba inabaki. Mununuzi alete kamba yake mwenyewe. Ukitoa ngombe pamoja na kamba umetoa pia njia ambayo ngombe zingine zingepitia kuja kwako. Basi kamba za nyumba zinafungwa pamoja, zinapakwa mafuta ya ngombe, zinatundikwa juu ya moshi. Muzee akikufa, kile kifungo kinaenda kwa mutoto wake wa kwanza. Na kwenye barza ya jamaa, mwenye kamba njo anayesema, wengine wanasikiliza, hata akisema upumbavu. Katika jamaa hii walisikiliza upumbavu mwingi, kwa sababu mwenye kamba alikuwa Semana.

Semana alikuwa shemeji ya Daphrose. Muzee Nzabandora alizaa wanaume wawili: Semana wa kwanza, Valens wa pili. Daphrose aliolewa na Valens. Semana alipewa ngombe zake mapema, akazishusha Walikale, akaziuza, akafungua biashara ya mafuta ya mawese na samaki wa chumvi kule Pinga. Biashara ile ilikula ngombe zote, ikabakia inalamba midomo. Valens alibaki kilimani na baba yake. Kwa hiyo muzee alipokufa, Semana alipanda na moto, pikipiki ya kukodi, akachukua kifungo cha kamba, akateremuka nacho. Valens alibaki na ngombe.

“Mumoja ana kamba bila ngombe,” Daphrose alisema kwenye matanga yale yale, watu bado wana machozi, “mwingine ana ngombe bila kamba. Mungu anajua kugawanya.”

Semana alisikia. Hakusahau. Yeye naye alimutafutia Daphrose jina, na hilo jina lilitoka kwenye motokari.

Motokari ile ilikuwa Pejo, ya milango miwili, ya juu wazi, turubai yake inajikunja nyuma kama shingo ya konokono. Ilikuwa ya muzungu mumoja wa kahawa. Siku Leta, maana yake serikali, ilipochukua mashamba ya wazungu, yule bwana aliondoka na sanduku moja, akamuachia Nzabandora, mukubwa wa wachungaji wake, funguo mukononi. Nzabandora hakujua kuendesha hata toroli. Lakini zawadi ni zawadi. Aliisukuma na vijana hadi ndani ya nyumba ya ndama, akaifunika nyasi kavu, akaitunza kwa elimu aliyokuwa nayo: kila wiki aliifukizia moshi kufukuza wadudu, na viti vyake vya ngozi alivipaka mafuta ya ngombe. Vita vilipita, vikarudi, vikapita tena, na kila wenye bunduki walipochungulia mule waliona nyasi, mavi na ndama, wakaendelea na safari.

Mara moja tu ilikaribia kuuzwa. Daphrose alikuwa bibi-arusi mupya. Alikuja mufanyabiashara kutoka Walikale, viatu vinangaa, akazunguka motokari, akakubaliana na muzee, wakapeana mikono, wakanywa. Yule bwana akasema anaenda kutafuta dereva. Jioni ile Daphrose, akiwa anaosha vyansi vya maziwa, alisikia nyundo ndani ya nyumba ya ndama: kong, kong, kong. Aliwaza muzee anatengeneza uzio. Mufanyabiashara hakurudi kamwe. Mvua ilikula barabara, na labda barabara ilimula yeye.

Semana aliita ile motokari “taksi iliyochinjwa”. Alisema ilikuwa na kichwa kama taksi yoyote, muti ukaanguka juu yake kwenye njia ya Sake, paa likabondeka, muzungu akalikata kwa musumeno na kushona turubai. “Niliona mimi mwenyewe nikiwa mutoto,” alisema, na kila alipokunywa, ule muti ulizidi kunenepa. Kibabi nzima ikamuita Daphrose Mama Taksi. Akipita na bidoni zake za maziwa, vijana walipiga honi kwa midomo. Alirusha mawe. Alikuwa na shabaha.

Valens alikufa kwa homa. Hapo njo Semana alipanda kutoka Pinga safari hii, siyo kwa matanga, bali kwa kilima. Mukubwa fulani wa Goma alitaka kununua kilima cha Nzabandora kwa ngombe zake, na kilima, Semana akakumbusha kila muntu, hakikugawanywa hata siku moja. Mushangazi wa jamaa, Mama Pétronille, dada ya Nzabandora, muzee wa fimbo moja na meno mawili, aliita watu. Neno lake lilikuwa fupi.

“Semana ako na haki kwa mali ya baba yake. Daphrose ako na haki ya kulisha ngombe. Daphrose, kama uko na kitu ya baba yao yenye uzito wa kilima, umupe Semana, kilima ibaki yako. Kama hauna, ufunge mizigo.”

Kitu kilichobaki cha baba yao kilikuwa kimoja tu, kimelala chini ya nyasi na ndama wanakikojolea. Kama motokari ile ni ya kweli, Daphrose anabaki kilimani. Kama ni taksi iliyochinjwa, yeye na ngombe zake wanateremuka, na chini hakuna majani yenye jina lake.

Semana alicheka hadi akashika ubavu. “Ilete basi! Tuite fundi aitazame. Na mbele ya hapo nitume mupakaji rangi, aitie nyekundu ya moto, nikusaidie.”

“Rangi ujipake wewe,” Daphrose akasema, “labda utapata bibi Pinga.” Akakataa mupakaji. Siyo kwa ujuzi. Semana angempa maji wakati nyumba inawaka, bado angekataa.

Picha ya motokari ilikuwa imekwisha kutembea katika simu za watu hadi Goma, na huko ilikutana na Shema. Kazi ya Shema ilikuwa kupima motokari za zamani kwa ajili ya wazungu wanaozikusanya. Alifika siku ya barza, amepakiwa na moto ya kukodi, matope hadi kwenye nyusi.

Daphrose alimungojea mulangoni kwa nyumba ya ndama, mikono kiunoni.

“Wewe njo dogiteri wa motokari?”

“Ni eksper, Mama.”

“Eksper. Na hauna motokari. Sawa. Na mwalimu wa ndoa wetu ni padri.”

Shema aliinama, akaondoa nyasi. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Daphrose alipenda hilo, lakini hakumuonyesha. Shema alipapasa milango, akaifungua na kuifunga akisikiliza, kama vile Daphrose anavyosikiliza tumbo la ngombe. Akabonyeza ngozi ya viti, akanusa vidole.

“Mama, unapakaka nini hapa?”

“Mafuta ya ngombe. Unataka na mukate?”

“Ngozi ingine ya umri huu inapasukaka kama udongo ya kiangazi. Hii iko laini.” Kisha akakwangua kidogo kwa ukucha mahali pa siri, chini ya masizi ya moshi, ikatokea rangi ya buluu hafifu. “Usiioshe hii hata siku moja. Rangi ya kuzaliwa njo nusu ya bei. Ungeipaka ingine, ningerudia mulangoni.”

Daphrose alitazama upande ambako Semana alikuwa amekaa chini ya kivuli cha jikoni na kikombe cha kasiksi, akasonya kwa furaha.

Lakini Shema alilala chini, taa mudomoni, akakawia huko.

“Unatafuta nini?” Daphrose akamuuliza. “Usisumbuke, haina mimba.”

Shema akatoka, akakaa juu ya ndoo. “Mama, nikuelezee. Kuna Pejo ya namna hii mbili, kama mapacha. Moja ilizaliwaka na kichwa ya chuma. Ingine ilizaliwaka na turubai. Mwili ni moja, milango ni moja, macho ni moja. Ile ya turubai ni chache kabisa, njo ile bantu banaliliaka. Basi bajanja banafanya nini? Banakamata ile ya kichwa, banaikata, banashona turubai.”

Daphrose hakuhitaji kuambiwa mara mbili. “Ni kama kukata ngombe pembe na kusema ilizaliwa bila pembe.”

“Njo vile.”

“Lakini kichwa ya ngombe ukipapasa, unasikia kisiki ya pembe.”

“Ninatafuta kisiki, Mama. Sikisikie. Lakini kama aliyekata alikuwa fundi, anafunika na risasi iliyoyeyushwa, na ili nione lazima nikwangue rangi yote. Nikikwangua, nimeua bei. Kwa hiyo nitazame namba. Namba inasema ilizaliwa na kichwa ao bila kichwa. Iko fasi mbili: imegongwa ndani ya chuma, chini ya kapo, na iko tena juu ya kibati.”

Akainua kapo, kile kifuniko cha mbele. Juu ya moteri na pande zake zote kulikuwa magunia ya chumvi ya ngombe, yamelowa, yamelia, yamekauka, yamelia tena.

Shema alishika kichwa. “Nani alitia chumvi hapa?”

“Mimi. Hapa njo fasi moja kwa hii boma mvua haifikake.”

“Mama, chumvi inakulaka chuma!”

“Ngombe nazo zinakulaka chumvi. Ungetaka nitie chumvi kwa kitanda?”

Wakatoa magunia. Mahali namba ilipogongwa, kutu ilikuwa imekula kama panya kwenye mukeka. Zilibaki tarakimu tatu za mwisho. Zile za mbele, zenye kusema ukweli, zilikuwa zimeyeyuka ndani ya midomo ya ngombe za Daphrose mwenyewe. Daphrose akazipangusa zile tatu kwa kidole.

“Na kibati?”

Shema akaonyesha kwa taa. Matundu manne madogo, na katikati yake chuma kitupu. “Kimetoshwa na tindo, kimeng’olewa. Mama, sitaki kukuficha. Bajanja njo banatoshaka kibati. Bila hiyo, kwa barza nitasema tu: siwezi kujua. Na kule Ulaya, ‘siwezi kujua’ na ‘uongo’, bei yao ni moja.”

Nje, Semana alipiga honi kwa mudomo. Watu wa jikoni wakacheka.

Daphrose aliinama juu ya matundu yale. Aliyapapasa moja moja, kama meno. Aliyeng’oa hakuwa mwizi. Mwizi anavunja, huyu alikata kwa utaratibu, kila pembe imeachwa safi. Kong, kong, kong. Na mafuta ya ngombe yalikuwa bado ndani ya tundu moja, meusi, magumu. Nani anapaka mafuta mahali alipoiba?

“Hiyo kibati ni kubwa namna gani?”

“Kama kiganja yako. Ya aluminiamu. Haishikake kutu.”

Daphrose akatazama kiganja chake. Mufanyabiashara wa Walikale alikuwa amepeana mikono. Motokari ilikuwa imeuzwa, inangoja tu dereva. Na kitu kikiuzwa katika nyumba ya Nzabandora, kitu gani kinabaki? Sasa, motokari haina kamba. Muzee wa watu aliizunguka, taa ya petroli mukononi, akitafuta kamba yake, akaona kitu kidogo kimefungwa penye moyo wake, kimeandikwa kama jina. Akaking’oa. Na kamba zote za nyumba ile, Mungu wangu, ziko wapi?

Zilikuwa ndani ya mufuko wa Semana. Alikuwa amezileta kutoka Pinga kwa ajili ya barza, na hakuutoa ule mufuko begani hata alipoenda chooni.

Umuombe? Semana akijua anachokibeba, kibati kile kinalala ndani ya choo kabla hujamaliza kusema tafadhali. Hapana. Semana hapewi ombi. Semana anapewa tusi.

“Eksper,” akasema polepole, “kwa barza ukae karibu yangu. Usiseme ndiyo, usiseme hapana, mpaka nikukanyage muguu.”

“Kunikanyaga?”

“Na nitakanyaga vizuri. Nakuambia mapema ili usilie.”

Barza ilikaa uani. Mama Pétronille kwenye kiti, fimbo kati ya magoti. Jamaa wengine kwenye majani. Semana amesimama, kasiksi inamupa urefu.

“Eksper, tuambie. Taksi imechinjwa, ao haikuchinjwa?”

Shema akatazama viatu vyake. “Bado ninafikiri.”

“Anafikiri!” Semana akageukia watu. “Motokari ya kweli inataka mafikiri? Ngombe ya kweli inalia muu, na mbwa ya kweli inabweka. Ni uongo tu njo unatakaka mafikiri. Mushangazi, tufunge. Mwenye kusema kwa jina la Nzabandora ni mimi, mwenye kamba.”

“Kamba gani?” Daphrose akauliza, sauti tamu kama maziwa ya asubuhi.

Watu waliomujua walisogea nyuma.

“Kamba za baba!”

“Aa. Zile uliuzisha Pinga.”

Kumuita muntu mwizi, Kibabi wanasameheana kabla ya Jumapili. Kumuita mulozi, katekista anaingilia. Lakini kusema muntu ameuza kamba za baba yake!

“Nani aliuzisha kamba?”

“Si wewe? Uliuzisha ngombe, kamba ikaenda nayo. Njo maana hata kuku haikubali kulala kwako. Valens alijuaka. Alikufa akiona haya kwa ajili yako.”

“Usitaje Valens na huo mudomo!”

“Sasa huo mufuko ni nini? Mihogo?”

Semana alivuta kifungo, akakipiga chini mbele ya mushangazi. Vumbi na harufu ya moshi vikapanda.

Daphrose hakukitazama hata kidogo. “Kamba za soko,” akasema. “Zilizozeeka za jirani. Mutu yeyote anaweza kufunga kamba kumi na kusema ni za baba. Kama ni za nyumba, afungue, ataje moja moja. Kama anajua. Lakini atajulia wapi? Ngombe zilikuwa zinalala hapa, yeye alikuwa kule chini anahesabu samaki.”

Mama Pétronille aligonga fimbo. “Kweli. Taja, Semana.”

Semana akapiga magoti, jasho linashuka, akaanza kufungua kwa meno. “Hii ni ya Bihogo! Nani atakataa?”

“Bihogo ilikuwa na kamba ya ngozi,” Daphrose akadanganya.

“Ya katani! Nilikuwa ninaivuta mimi! Mushangazi, ya katani ao ya ngozi?”

“Ya katani,” Pétronille akasema. “Nyamaza, Daphrose. Endelea.”

“Hii ni ya Gaju, ile iliangukaka kwa mutaro. Hii ni ya dume lililotoka Ngungu. Hii…” Alikuwa ameshika moto sasa, kila kamba anairusha miguuni pa Daphrose kama kofi. Semana alijua kamba zake, hilo tusimunyime. “Hii ni ya ngombe ya mahari ya mama. Na hii!” Akainua kamba fupi ya katani, na mwisho wake kinaning’inia kitu cheusi, cha mraba, kimegandamana moshi na mafuta. “Unaona hii? Hii haiwezi kuwa ya jirani! Baba mwenyewe alinionyesha kwa mukono wake. Akasema: hii ni kamba ya ngombe ya muzungu, ile isiyolala na haikulake majani!”

Alilisema kwa sauti ya kufika Masisi-Centre. Kisha masikio yake yakasikia kile kinywa kilichosema.

Daphrose akamukanyaga Shema. Shema aliruka kama muntu aliyekaa juu ya siafu, akaenda na leso mukononi. Semana naye akarudisha mukono nyuma ili akirushe kule kwenye migomba. Fimbo ya Mama Pétronille ikamufika kwenye kifundo. Meno mawili, lakini mukono ulikuwa wa mwanamuke aliyelima miaka yote ya maisha yake.

“Kamba ni ya nyumba!” akafoka. “Hairushwe!”

Shema akafuta. Aluminiamu ikatokea, nyeupe kama jino la mutoto, herufi zake nzima. Aliisoma, midomo inatembea. Akasoma tena.

“Tarakimu tatu za mwisho ni zile zile,” akasema. “Na hapa mbele iko alama ya turubai. Hii motokari haikukatwa. Ilizaliwa bila kichwa.”

“Inaweza kuwa kibati ya motokari ingine!” Semana akalia, anasugua kifundo.

“Motokari gani ingine?” mushangazi akamuuliza. “Baba yako alikuwa na garaji? Ni wewe ulisema, na sote tulisikia.”

Wakaenda wote, wakiminyana mulangoni mwa nyumba ya ndama. Shema akaweka kibati penye chuma kitupu. Matundu manne yakakaa juu ya matundu manne, na pembe moja iliyokunjwa na tindo ikalala sawasawa ndani ya mukwaruzo wake. Hakuna aliyepiga honi.

Hapo njo kilitokea kichekesho ambacho Kibabi haijamaliza kukila. Mama Pétronille alisema: “Basi. Kilima ni ya Daphrose. Motokari ni ya Semana, aiuzishe.” Na Semana, ambaye miaka yote aliita kile chombo taksi iliyochinjwa, akapita mbele ya watu, akaweka mukono juu ya mulango wa buluu kama muntu anayebariki ndama.

“Eksper, kaka yangu,” akasema, sauti imebadilika, “tazama muzuri ngozi hii. Hii si ngozi ya kila siku. Motokari ya maana! Baba alikuwa anaipenda sana.”

“Na ule muti wa Sake?” Daphrose akamuuliza.

“Muti gani?”

“Ule uliobonda paa. Uliona wewe mwenyewe.”

“Nilikuwa mutoto! Mutoto anaona nini? Eksper, andika: ngozi ya kwanza kabisa.”

“Ngozi ni nzuri,” Shema akasema. “Rangi pia. Lakini chini imekuliwa na mikojo ya ndama, moteri imeshikana, na chumvi imekula hapa, na hapa, na hapa. Bei itateremuka kidogo.”

“Chumvi! Nani alitia chumvi kwa motokari yangu?”

Daphrose alicheka. Watu wanasema walikuwa hawajamusikia akicheka toka Valens alipozikwa, na wangependa kutosikia tena.

“Pole, shemeji,” akasema. “Ningejua ni yako, ningetia gunia zingine.”

Kamyo ya viazi iliichukua, imefunikwa majani ya ndizi, ikashuka nayo polepole, Semana amekaa juu yake akipigia kelele kila shimo. Kibati kilienda nayo. Shema alisema bila kibati hainunuliwi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika nyumba ya Nzabandora, kitu kiliuzwa na kamba yake ikaondoka. Mama Pétronille alikata kile kipande cha katani, akamutupia Semana pale juu. Semana alikishika. Kilikuwa chake. Yeye na Daphrose hawakuagana, na hata sasa hawasalimiani. Akipanda kutoka Pinga, analala kwa katekista.

Daphrose amebaki na kilima chake na majani yake. Lakini nyumba ya ndama sasa haina kapo, na hakuna fasi ingine ambako mvua haifiki. Msimu wote chumvi inayeyuka ndani ya magunia, inatiririka chini ya mulango, na ngombe zinalamba kizingiti. Kila asubuhi anasimama pale na kidumu chake, anatazama ule mufereji mweupe, na anamutukana Semana kwa hilo pia.